Najibana kila siku, mbona mwisho wa mwezi salio ni lilelile?

#1 Mbanaji
Habari wadau.

Najibana kweli. Nazima taa kila nikitoka chumbani, nachomoa chaja asubuhi, sehemu ya karibu naenda kwa miguu, na sinunui kitu kabla sijauliza bei kwa muuzaji wa pili. Mwisho wa mwezi nikiangalia salio, halina tofauti na la mtu asiyejali lolote.

Maswali yangu ni mawili. Hela ninayookoa inaenda wapi? Na ninyi mnaojibana mnajiburudisha vipi? Maana kwangu wikiendi moja tu inatosha kubomoa kazi ya wiki nzima. Sitafuti pole, natafuta maelezo.

#2 Fundi Waya
Mkuu, tuanze na hiyo chaja. Chaja ya simu ya siku hizi ikikaa kwenye soketi bila simu inakula kama sehemu moja ya kumi ya wati. Mwaka una saa 8,760. Piga hesabu: haifiki hata yuniti moja ya umeme kwa mwaka mzima. Unainama kila asubuhi kwa kitu ambacho hakipo.

Geukia king'amuzi. Vipo vingi ambavyo ukivizima kwa rimoti vinaendelea kuchota wati 10 hivi usiku kucha na wewe hujui. Wati 10 kwa saa 8,760 ni yuniti 87.6. Hicho ndicho cha kuzimia ukutani.

Na taa, tatizo si kuizima, ni aina ya taa. Balbu ya zamani ya wati 60 na LED ya wati 9 zinatoa mwanga unaolingana. Zikiwaka saa 5 kwa siku, ya zamani inakula yuniti 109.5 kwa mwaka, LED inakula 16 na kidogo. Kubadilisha balbu ni kazi ya dakika moja, halafu haikudai nidhamu tena.

Walaji wakubwa ni vitu vinavyotengeneza joto: hita ya maji, pasi, jiko la umeme, birika. Ukianzia hapo utaona tofauti.

#3 Dada wa Kibubu
Fundi amesema vizuri lakini hajajibu swali. Hata akiokoa hizo yuniti zote, salio halitabadilika, kwa sababu hela iliyookolewa haikuhamishwa. Ilibaki kwenye akaunti ileile ya matumizi, na iliyobaki kwenye matumizi itatumika. Ukiacha kununua kitu leo, hamisha kiasi hicho dakika hiyohiyo uende kukiweka mahali pagumu kufika. Usipohamisha hujaokoa, umeahirisha tu.

#4 Msema Kweli
Kwa heshima, mnamzungusha mleta mada. Mtu anatumia sehemu kubwa ya kipato kwenye kodi ya nyumba, usafiri, chakula na madeni, halafu mnamfundisha balbu. Mtu mwenye mkopo wa riba kubwa hata akikaa gizani mwaka mzima hapati kitu. Aje hapa aseme kodi yake ni sehemu gani ya kipato na kama ana deni. Vitu vidogo vinampa mtu hisia kwamba anafanya jambo, huku shimo lenyewe liko pembeni.

#5 Mama Wawili
Msema Kweli, kodi ya nyumba siwezi kuibadilisha leo jioni. Mkataba una muda wake. Balbu naweza. Bandu bandu huisha gogo, na hao wanaosubiri kubadilisha makubwa wengi huwa hawabadilishi chochote.

Mbanaji, nakuuliza kitu kimoja: unaandika? Kule Japani mwandishi wa habari Hani Motoko alichapisha daftari la hesabu za nyumbani mwaka 1904, wanaliita kakeibo, na mpaka leo watu wanalitumia. Unagawa matumizi mafungu manne: ya lazima, ya hiari, ya kujiendeleza kama vitabu na makumbusho, na ya dharura. Mimi naandika kwa mkono kila jioni watoto wakishalala. Fungu la hiari ndilo lililonifungua macho. Vitu ambavyo sikuvikumbuka hata siku mbili baadaye vilikuwa vingi kuliko vile nilivyovifurahia.

#6 Mbanaji
Asanteni. Fundi, king'amuzi nimekizima ukutani sasa hivi. Msema Kweli, deni sina, kodi ni kama theluthi ya kipato. Mama Wawili, siandiki, natunza kichwani.

#7 Msema Kweli
Kichwani hapatunzi hesabu, hapo naungana na Mama Wawili. Ila theluthi kwenye kodi bado ni mzigo. Sijahama kwenye hoja yangu.

#8 Kijana Mpya
Mimi nilifundishwa mtindo wa wiki 52. Wiki ya kwanza unaweka 1, ya pili 2, mpaka ya 52 unaweka 52. Mwisho wa mwaka unakuwa na 1,352 za kipimo chako. Unachagua mwenyewe 1 ni kiasi gani. Inafurahisha kama mchezo.

#9 Mwalimu wa Hesabu
Kijana, ni 1,378. Chukua 52, zidisha kwa 53, gawa kwa 2.

Mtindo wenyewe ni mzuri ila una kasoro moja. Ukianza Januari, wiki nzito zaidi zinaangukia Desemba, mwezi ambao watu wengi mifuko imeshakauka. Mwezi huo peke yake unadai karibu 200. Ndiyo maana wengi wanafika Oktoba wanaacha. Anza na 52 ushuke kuelekea 1. Ari ya mwanzo ibebe mzigo mkubwa, uchovu wa mwisho ubebe mdogo. Jumla haibadiliki.

Na nyongeza kwa Dada wa Kibubu: hela iliyolala kwenye kibubu inaliwa na mfumuko wa bei. Kwa makadirio gawa 72 kwa kiwango cha mwaka. Bei zikipanda asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka 12 hela yako inanunua nusu ya vitu. Kibubu kwa mahitaji ya karibuni ni sawa, kwa malengo ya mbali tafuta mahali panapolipa.

#10 Dada wa Kibubu
Nakubali kwa ya mbali, Mwalimu. Lakini anayeanza hana miaka 12 kichwani, ana mwisho wa mwezi. Mwache kwanza aone kitu kimekaa bila kuguswa.

#11 Bomba Safi
Hakuna aliyetaja maji. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linapoteza zaidi ya lita 20 kwa siku. Siku ina sekunde 86,400, tone lina robo mililita, jumla lita 21.6. Mpira wa ndani wa bomba ni kitu kidogo mno na unabadilishwa kwa spana moja.

#12 Mwalimu wa Hesabu
Tone la robo mililita ni kubwa. Kwenye dripu ya hospitali matone 20 yanafanya mililita moja, maana yake tone ni 0.05. Kwa hesabu hiyo ni lita 4.3 kwa siku, si 21.

#13 Bomba Safi
Dripu ina mrija mwembamba, bomba lina mdomo mpana, Mwalimu. Tone la bomba linajaa kwanza ndipo linaanguka. Hata shirika la jiolojia la Marekani kwenye kikokotoo chao cha matone wanatumia hiyo robo.

#14 Mama Wawili
Wekeni chupa ya lita moja chini ya bomba mtazame saa. Mtajua kabla hamjamaliza kubishana.

#15 Mtafiti wa Kona
Nimesoma yote. Nadhani kuna maelezo mengine ambayo hayajaguswa, na yanahusu swali la pili la Mbanaji.

Mtu akijibana Jumatatu hadi Ijumaa anajiona anastahili. Ile "nimejitahidi, acha nijipe" ndiyo inayokula wikiendi. Richard Thaler, aliyepata Nobel ya uchumi 2017, alieleza jinsi watu wanavyogawa hela kwenye mafungu kichwani na kuzitendea tofauti, ingawa hela ni hela. Mbanaji ana fungu la "nilichookoa" ambalo halipo popote isipokuwa kichwani, na analitumia Jumamosi kama vile lipo. Anaweza kulitumia hata mara mbili.

Pili, njia ya kulipa. Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester walichapisha jaribio la mnada wa tiketi za mechi: walioambiwa watalipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa zaidi ya mara mbili ya walioambiwa watalipa taslimu. Kitu hakionekani kikitoka mkononi, kwa hiyo hakiumi. Sasa malipo yako kwenye simu, unabonyeza na imeisha.

Tatu, kitu kipya kinaita kitu kipya. Denis Diderot, yule Mfaransa wa kamusi elezo, aliandika makala mwaka 1769 akilalamika kwamba vazi jipya la nyumbani lilimfanya aone kila kitu kingine chumbani kimechakaa, akaanza kubadilisha kimoja baada ya kingine. Akasema vazi la zamani alikuwa bwana wake, hili jipya amekuwa mtumwa wake. Nikiona mtu ananunua simu mpya najua kava, spika na saa ya mkononi viko njiani.

#16 Msema Kweli
Lile jaribio la tiketi lilihusu kadi ya mkopo, Mtafiti. Kadi ya mkopo unalipa baadaye. Malipo ya simu yanakata salio palepale na ujumbe unakuja. Si kitu kimoja.

#17 Mtafiti wa Kona
Ni kweli ilikuwa kadi ya mkopo, na washiriki walikuwa wanafunzi wa biashara. Lakini ule ujumbe wa makato nani anausoma?

#18 Kijana Mpya
Mimi nausoma.

#19 Dada wa Kibubu
Kijana amejibu haraka kuliko ninavyohamisha hela. 😄

#20 Mla Vitabu
Mimi naenda moja kwa moja kwenye burudani, kwa sababu naamini ndiko hela inakoishia. Watu hawatumii kwa sababu wanahitaji, wanatumia kwa sababu wamechoka na hawana la kufanya. Mtu aliyeshikwa na kitabu kizuri Jumamosi mchana hana habari na duka.

Maktaba ya umma ndiyo burudani nafuu kuliko zote zilizowahi kubuniwa. Andrew Carnegie alipotoa utajiri wake alijenga maktaba zaidi ya 2,500 sehemu mbalimbali duniani, kwa sababu yeye mwenyewe akiwa kijana wa kazi alisoma vitabu vya mtu aliyewafungulia maktaba yake vijana wa kazi kila Jumamosi. Asiye na maktaba karibu ana simu. Project Gutenberg iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971 ina vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo hakimiliki yake imekwisha, unapakua bure na ni halali kabisa. LibriVox, tangu 2005, wanajitolea kuvisoma kwa sauti vitabu vya aina hiyo. Vingi ni vya Kiingereza, ila kwa anayejifunza lugha hapo unapata mawili kwa bei ya sifuri.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kubadilishana. Sisi majirani tuna rafu moja kwenye ngazi za jengo. Unaacha kitabu, unachukua kitabu. Nilikuta kitabu cha hadithi ambacho msomaji aliyetangulia ameandika kwa penseli pembeni mwa kurasa, anabishana na mhusika mkuu sura hadi sura. Ukurasa mmoja ameandika "usimwamini huyu", kurasa 40 mbele ameandika "nilisema". Nilifurahia penseli ile kuliko hadithi yenyewe. Hakuna tiketi ya sinema ingenipa hicho kitu.

#21 Bando Limeisha
Mla Vitabu ameniwahi kwenye sauti. Naongeza hesabu. Netflix wenyewe wanasema video ya ubora wa kawaida inakula mpaka GB 1 kwa saa, HD mpaka GB 3. Kitabu cha sauti cha kilobiti 64 kwa sekunde kinakula kama MB 29 kwa saa. Bando la saa moja ya video ya kawaida linakupa zaidi ya saa 30 za kusikiliza, na mikono iko huru kufua, kupiga pasi, kutembea.

Ukitaka video, punguza ubora mwenyewe kwenye mipangilio, usiiachie programu ichague. Kwenye kioo kidogo cha simu macho hayaoni tofauti kubwa kati ya 480 na 1080. Zima ile ya video kujicheza yenyewe baada ya nyingine, hiyo ndiyo inayomaliza bando mtu akiwa amelala. Na pakua ukiwa kwenye mtandao wa bure, utazame baadaye.

#22 Kete Nyeusi
Sataranji wadau. Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, ni bure, haina matangazo, haina toleo la kulipia. Mfaransa Thibault Duplessis aliianzisha 2010 na mpaka leo inaendeshwa kwa michango. Unacheza na mtu wa bara jingine saa yoyote, au unafumbua mafumbo peke yako. Na kama huna mtandao, ubao wa kadibodi na vifuniko vya chupa vinatosha kwa dama. Nimeona wazee wakicheza kwa vifuniko hivyo kwa umakini ambao sijauona kwenye ubao wa bei.

#23 Kijana Mpya
Dama na sataranji ipi inafundisha zaidi?

#24 Kete Nyeusi
Sataranji. Dama kompyuta zimeshaimaliza. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta walithibitisha kwamba pande zote zikicheza bila kosa matokeo ni sare.

#25 Mwalimu wa Hesabu
Hiyo ni dama ya ubao wa 8 kwa 8 kwa sheria za Kiingereza tu. Dama ya kimataifa ya 10 kwa 10 haijamalizwa. Na kati yetu hapa hakuna anayecheza bila kosa, kwa hiyo utamu uko palepale.

#26 Msema Kweli
Uzi ulikuwa wa salio, sasa tuko kwenye dama. Lakini ngoja niseme kuhusu "bure". Michezo mingi ya simu inaitwa ya bure, halafu ndani kuna kununua nguvu, kununua sarafu, kufungua ngazi. Vibiashara hivyo vinalipwa na wachache wanaozama. Na kuna ile ya kubashiri matokeo ya mechi, ambayo watu wanaiita burudani ya bei ndogo. Hiyo si burudani nafuu. Odi zimepangwa ili mwenye kampuni abaki na sehemu ya kila dau, na anayecheza muda mrefu lazima apungue. Nimeona mtu wa karibu akipoteza kidogo kidogo kwa miaka, kila dau lilikuwa dogo. Bandu bandu hiyohiyo ya Mama Wawili, ila upande wa hasara.

#27 Mama Wawili
Hapo umenena. Kwangu niliondoa malipo ya ndani ya programu kwenye simu nzima, yanadai nywila kila mara, na nywila watoto hawaijui.

Kuhusu watoto, msiwaonee huruma kwa kukosa vitu. Wangu wana shuka jeupe na tochi. Shuka tunalifunga kati ya viti viwili, taa tunazima, tochi inakaa nyuma, na vikaragosi ni vipande vya kadibodi vilivyobandikwa kwenye vijiti. Mdogo amegundua mwenyewe kwamba akisogeza kikaragosi karibu na tochi kivuli kinakuwa kikubwa, sasa kila hadithi lazima iwe na jitu linalokuja polepole likijaza shuka lote. Mkubwa anatoa sauti. Ukumbi ni wazazi wawili na jirani na mtoto wake. Hela iliyotoka ni ya betri tu.

Vinyago pia tunabadilishana na nyumba nyingine. Kilichochoka hapa ni kipya kule. Na vingine naviweka juu ya kabati mwezi, vikirudi vinapokelewa kama wageni.

#28 Mtafiti wa Kona
Mama Wawili hicho cha kuviweka juu ya kabati kina msingi. Mwaka 1971 Brickman na Campbell waliandika kwamba binadamu huzoea kila hali, nzuri na mbaya, na furaha inarudi kiwango chake. Kupumzisha kitu kunakirudishia ladha. Hata mtu mzima anaweza: huduma mbili za filamu usizilipie pamoja, lipia moja mwezi huu, isimamishe, mwezi ujao nyingine. Utakuta ile uliyoiacha ina vipya vya kutosha.

#29 Bando Limeisha
Nakazia. Na weka kikumbusho kwenye kalenda siku mbili kabla ya majaribio ya bure kuisha. Makato ya kujirudia ndiyo adui mtulivu kuliko wote. Mbanaji, pitia taarifa ya akaunti ya miezi mitatu utafute malipo yanayofanana kiasi na tarehe. Huenda jibu la swali lako liko hapo.

#30 Mtazama Nyota
Nasoma uzi huu kimya tangu mwanzo, niseme langu. Anga halina tiketi.

Chagua usiku usio na mwezi, nenda mbali na taa kadiri unavyoweza kwa usalama, weka simu mfukoni. Macho yanahitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza, na ukiwasha kioo cha simu mara moja tu unaanza upya. Programu ya Stellarium ni bure kwenye kompyuta, inakuonyesha kila nyota na jina lake kwa mahali ulipo. Vimondo vya Perseidi vinafika kileleni usiku wa 12 kuamkia 13 Agosti, vinapendeza zaidi kwa walio kaskazini mwa dunia. Vya Geminidi ni 13 kuamkia 14 Desemba, na hivi hata walio kusini wanaviona vizuri. Huhitaji darubini. Darubini hata inakupunguzia, maana vimondo vinapita popote. Mkeka na shuka la kujifunika vinatosha.

Na kuna kituo cha anga cha kimataifa. Kiko kama kilomita 400 juu yetu, kinazunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Kinaonekana muda mfupi baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza.

#31 Kijana Mpya
Nitakitofautishaje na ndege?

#32 Mtazama Nyota
Ndege ina taa zinazopepesa na mara nyingi unasikia sauti. Kituo ni nukta moja nyeupe, inang'aa kuliko karibu nyota zote, haipepesi, inakata anga kwa dakika chache. Wakati mwingine inafifia na kupotea katikati ya anga tupu, hapo imeingia kwenye kivuli cha dunia. Ndani kuna watu. Kila nikikiona nawapungia mkono.

#33 Kete Nyeusi
Nimesikia 2027 jua litapatwa na dunia yote itakuwa giza mchana, ni kweli?

#34 Mtazama Nyota
Si dunia yote. Ni tarehe 2 Agosti 2027. Njia ya giza kamili ni ukanda mwembamba unaopita kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Afrika na rasi ya Uarabuni. Karibu na Luxor, Misri, giza litadumu zaidi ya dakika 6, na hiyo ni ndefu mno kwa kupatwa kwa jua. Nje ya ukanda, eneo kubwa la Afrika, Ulaya na Asia litaona jua limemegwa tu.

Na jamani, macho. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi hata ikiwa nyeusi kiasi gani. Tafuta miwani maalumu ya kupatwa, au njia ya bure: toboa tundu dogo kwenye karatasi ngumu, lipe jua mgongo, acha mwanga upite kwenye tundu uangukie karatasi nyingine nyeupe. Utaona jua dogo lililomegwa pale kwenye karatasi. Hata mwanga unaopenya kati ya majani ya mti siku hiyo unatengeneza vipande vya jua mamia ardhini. Watoto wa Mama Wawili watapenda.

#35 Mama Wawili
Nimeandika tarehe.

#36 Mla Vitabu
Ukizungumzia tarehe, 18 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, ipo tangu 1977, na makumbusho mengi hufungua milango bure. Mengine yana siku ya bure kila mwezi bila kuitangaza sana. Ulizeni mlangoni.

Kwa wanaopenda kukimbia kuna parkrun, kilomita 5 kila Jumamosi asubuhi bila kiingilio. Ilianza London 2004 na watu 13, sasa iko nchi nyingi. Kama haipo kwenu, wenzenu wanne na njia salama vinatosha.

#37 Mbanaji
Nimepitia taarifa ya akaunti kama Bando alivyosema. Kuna malipo mawili ya kila mwezi ambayo siyatumii. Lakini hata nikiyajumlisha hayajazi pengo. Kwa hiyo Msema Kweli na Mtafiti bado mna hoja. Nikiangalia tarehe, matumizi makubwa mengi ni ya Ijumaa jioni na Jumamosi.

#38 Mtafiti wa Kona
Ijumaa jioni. Ndiyo ninachosema, kujipa zawadi.

#39 Mla Vitabu
Au ni kutokuwa na mpango wa Ijumaa jioni. Ukifika saa hiyo huna la kufanya, unafuata wenzako, na wenzako wanafuata hela.

#40 Dada wa Kibubu
Au hela ilikuwa pale inamwangalia kwa sababu haikuhamishwa Jumatatu.

#41 Msema Kweli
Au kipato ni kidogo kuliko gharama za maisha na Ijumaa ni siku pekee anayopumua. Tusimgeuze mtu mkosaji kwa kutaka kufurahi mara moja kwa wiki. Mimi napendekeza atenge fungu la starehe kabisa, liandikwe, litumike lote bila majuto. Likiisha limeisha. Starehe iliyopangwa haibomoi kitu.

#42 Mama Wawili
Msema Kweli, leo nakuunga mkono neno kwa neno. Fungu la hiari kwenye daftari langu sikulifuta, nililiwekea kikomo.

#43 Bomba Safi
Nimefanya jaribio la chupa. Bomba la nje, tone kama moja kwa sekunde. Lita imejaa baada ya saa tatu na dakika chache.

#44 Mwalimu wa Hesabu
Hiyo ni kama lita 8 kwa siku, tone kama mililita 0.09. Katikati ya yako na yangu. Sasa funga hilo bomba, mkuu.

#45 Mbanaji
Fundi, swali la mwisho la umeme. Nimezima king'amuzi, nimebadilisha balbu. Nitajuaje kama bado kuna kitu kinakula bila mimi kujua?

#46 Fundi Waya
Nenda kwenye mita. Mita nyingi za kidijitali zina kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa idadi ya mipepeso kwa yuniti moja. Chukulia ni 1000 imp/kWh. Hapo gawa 3,600 kwa sekunde zinazopita kati ya mpepeso na mpepeso, unapata wati. Kikipepesa kila baada ya sekunde 36, nyumba inachota wati 100 muda huo. Kama mita yako imeandikwa 3200, gawa jibu kwa 3.2.

Zima kila kitu unachokijua, subiri, hesabu. Kikiendelea kupepesa, tembea chumba kwa chumba ukizima soketi moja moja na mwenzako akiwa amesimama kwenye mita akikupa taarifa. Kwa kawaida anayepatikana ni friji, na friji si ya kuzima. Lakini ikague: fungia kipande cha karatasi kwenye mlango wake halafu kivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka na baridi inavuja. Rudia pande zote nne za mlango, chini ndiko huchoka bila mtu kuona. Wakati mwingine ni uchafu tu, futa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kisha ujaribu tena kabla hujanunua mpira mwingine.